Jagi Baya Kuliko Yote Bondeni

Jumatatu, 6 Oktoba
Miaka mitano mfululizo Verlon Teague anabeba utepe wa ushindi wa jagi la uso wa mtu lenye sura mbaya kuliko yote hapa bonde la Catawba. Mitano! Na tanuri ni letu sote, kuni tunapasua wote. Mke wangu Ardith anasema majagi yangu yanafanana na mashemasi wa Kibaptisti, nadhifu na wapole mno. Nimeapa mbele ya kanisa: nikishindwa tena, nauza gurudumu langu la ufinyanzi. Lakini sishindwi. Nafinyanga uso wa Verlon mwenyewe. Sura mbaya zaidi haipo.

Jumatano, 8 Oktoba
Pua imekaa. Masikio yamekaa. Meno ndiyo kazi: huwa tunachomeka vipande vya sahani iliyovunjika, nami sina iliyovunjika. Ipo nzima, ya maua ya buluu, ya marehemu bibi yake Ardith. Ikateleza. Nimemwambia ni paka. Kanikumbusha kwamba paka alikufa Machi. Basi ni wa jirani, nikasema. Meno kumi na mawili nimeyabananisha, hata uzi haupiti.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumepanga tanuri. Verlon alipokwenda kunawa, nikalisukuma jagi lake nyuma kabisa, kwenye dohani. Langu mbele, penye moto mkali unaoharibu sura. Karudi, kauliza mbona nacheka peke yangu. Nimesema nimemkumbuka mama. Kanihurumia, kanipa mkate wake wa mahindi. Mtamu! Tukawasha.

Jumanne, 14 Oktoba
Maafa! Leo tumefungua tanuri, na mashindano ni papo hapo. Udongo husinyaa motoni, sahani haisinyai. Kila mtu hapa anajua, mimi nikasahau. Meno yamesukuma midomo hadi masikioni. Jagi linachekelea kama bibi harusi! Mwamuzi, Mama Lovada, kaliinua mbele ya watu: “Jamani, limependeza!” Kwetu hilo ni tusi. La Verlon, huko nyuma nilikolisukuma, limedondokewa na paa la tanuri, jicho limeng'oka, pua imepasuka. Baya kupindukia! Utepe wa sita.

Kisha Verlon kajitambua kwenye langu. Kanikumbatia, analia kabisa: “Ndugu yangu, tangu nizaliwe hakuna aliyenipendezesha hivi!” Nimepokea shukrani. Ningefanyaje?

Ardith naye katambua maua ya buluu. Tangu mchana ananikodolea macho. Nyusi zimekutana, pua imetanuka, mdomo umepinda. Uso gani huu! Bonde zima halina mbaya kama huu. Gurudumu siuzi ng'o. Nimemwomba asitikisike hapo alipo, nakwenda kuchukua udongo.