Maporomoko Yafunguliwe Jumapili, Wakwe Wanakuja

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Mkuu wa Bwawa,
Ofisi ya juu mlimani.

Mheshimiwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku chini yako. Nimekuita mwanangu kwa sababu nilikuona hekaluni siku ya mwezi mpevu, umebeba sinia la maua kwa mikono miwili, na mtu anayebeba maua vile kuna mama aliyemlea. Mimi ni Somalatha, mama yake Iroshani mwalimu wa chekechea, nyumba ya bati la bluu chini ya maporomoko. Au niseme chini ya mahali palipokuwa na maporomoko, maana hapo ndipo penye malalamiko yangu.

Nayaweka kwa namba. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini mume wangu Wimalasena anasema wakubwa hawasomi kisicho na namba.

1. Maporomoko yamekauka. Tangu mlipojenga bwawa, maji yote mmeyatia kwenye bomba yakafue umeme, na mwamba umebaki na mchirizi mmoja kama pua ya mtoto mwenye mafua. Sikununa. Umeme nautumia na pasi ninayo.

2. Lakini binti yangu tumemtangaza gazetini. Tuliandika kwamba wazazi Wabudha wanamtafutia mume binti yao, mpole, mwalimu, nyumba inatazama maporomoko. Uongo uko wapi hapo? Nyumba inatazama. Haikuambiwa yakikauka igeuke. Gazeti hutoza kwa kila neno, na neno "makavu" tuliliacha kwa kubana matumizi.

Basi akapatikana Asanka, fundi matrekta, kijana wa nchi tambarare huko kaskazini ambako maji yao yote yamelala kwenye mabwawa ya wafalme wa kale. Nyota zao zimelingana mpaka mnajimu akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Mshenga wetu, Bwana Gunapala, akamleta kijana kumwona binti. Bahati nzuri siku ile ukungu ulifunika mlima wote, akaambiwa maporomoko yako humo humo ndani, yanapumzika. Iroshani akatoka na sinia la chai. Wale wachumba wanne waliotangulia aliwapa chai kama anayelipa faini. Huyu alimwuliza kama sukari inatosha. Walipoondoka nikamsikia jikoni anaosha vikombe huku anaimba. Mheshimiwa, mtoto yule alikuwa hajaimba tangu alipoacha kusuka mikia miwili ya shule.

3. Sasa Jumapili anakuja mama wa kijana, Mama Leelawathi, pamoja na shangazi na mjomba, kwa gari la kukodi. Ni matembezi mafupi tu: chai na wali wa nazi hapa nyumbani, kisha twende kwenye maporomoko, tule wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, kisha warudi kwao kabla ya ukungu. Na Bwana Gunapala anasema kila akimpigia simu mama yule, kabla hata ya kuuliza binti anajua kupika, anauliza kwanza habari za maporomoko. Mimi tangu nisikie hivyo silali. Nimeshafunga sarafu kwenye kitambaa cheupe, nimeweka nadhiri, lakini ufunguo wa maji unao wewe, si miungu.

4. Kwa hiyo naomba ufungue. Saa njema tumepewa na mnajimu, ni asubuhi jua likishachangamka, na ni lazima tutoke nyumbani tukielekea mashariki. Wimalasena atawasha fataki, ukizisikia, zungusha. Tafadhali usiyaachie kama fahali aliyekata kamba, Iroshani atakuwa amenyoosha nywele saluni. Tukiwa tunavuka mawe, punguza, shangazi wa kijana ni mzito na tunamhitaji. Tukipiga picha, fungua yote. Tukila, weka ya kadiri, ya kutosha kufunika maneno ya shemeji yangu Sirisena, ambaye akishiba husimulia mambo ya familia.

5. Utaniambia umeme wa mjini utapungua. Upungue. Hao watu wa mjini walizaliwaje, kama si mama fulani kuolewa? Mabinti wasipoolewa, watoto watatoka wapi, na taa zenu atawasha nani? Ukiangalia vizuri, Mheshimiwa, kila siku unayofunga lile lango unajipunguzia wateja. Ndiyo maana naona iwe sheria kabisa, nyumba yoyote iliyo chini ya bwawa na yenye binti mkubwa ipewe maji kila Jumapili. Na tukifanikiwa, utafungua tena siku ya harusi, na siku mtoto wao wa kwanza atakapolishwa wali kwa mara ya kwanza. Kati ya hapo tutapigiana simu.

Wimalasena amesimama nyuma yangu anasoma, anasema, "Mama Iroshani, ukimaliza kwa mhandisi uliandikie na jua lipunguze." Nimemjibu kwamba jua sijaona walikolitia kufuli.

Msalimie mama yako, mlinzi wa getini na wote wanaokula nawe huko juu. Mikono yako iwe na nguvu ya kuzungusha.

Ni mimi mwenye binti,
Somalatha

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, Bwana Gunapala akaingia, mwavuli unachuruzika, akaomba maji ya kunywa kwanza. Kumbe Mama Leelawathi anaogopa maji yanayoruka kuliko nyoka. Lile tangazo alipolisoma alilitumia kufungia samaki. Aliyemlainisha ni Asanka mwenyewe, ambaye kabla hajaja kwetu alikwisha kumwuliza dereva wa basi habari za maporomoko. Alimwambia mama yake, "Mama, maporomoko yale yalishakufa zamani. Msichana ndiye yu hai." Iroshani alikuwa mlangoni na sinia, kasikia yote, na hiyo chai hatujainywa mpaka sasa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa mwanangu, namba zote hapo juu zifute. Usifungue. Fataki ukizisikia ni za furaha tu, usishike kitu. Na mvua inanyesha tangu asubuhi, nasikia bwawa linajaa. Nakuomba lishikilie kwa mikono yote miwili, lisitoke hata tone. Fua umeme mwingi uwezavyo. Jumapili nyumba hii tutawasha taa zote mchana kutwa, na pasi, ili usikose pa kuyapeleka hayo maji.