Mwalimu Aliyeshindwa na Mabano

Onesphory alikuwa na tai moja, viatu vilivyochongoka, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia mfugaji samli yake mwenyewe. Siku ya mnada Katesh alisimama karibu na zizi, macho yakitafuta riziki, akamsikia Mzee Gidamis wa Gendabi akimlalamikia jirani yake. Watoto wao wa kidato cha nne, wote ishirini na wawili, wamepata F ya hesabu kwenye mtihani wa muhula. Mwalimu wa somo hilo alihamishwa tangu Pasaka. Binti yake Fausta ana akili, lakini huko anakotaka kwenda kusoma hawapokei F.

Onesphory aliyasikia hayo kama mwenye njaa anavyosikia sufuria ikifunuliwa. Akakaza tai.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mwalimu wa hisabati."

Kwa kumtendea haki, tuseme kwamba yeye na hisabati waliwahi kukutana: kwenye cheti chake cha kidato cha nne, F ile ile.

Mnada haujaisha, mambo yakawa yameiva. Kutakuwa na kambi ya wiki nne, likizo ya mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa kanisa la Gendabi. Wakulima watatoa magunia mawili ya maharage mapya siku ya kwanza. Wafugaji watatoa mtamba, matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yakitoka mazuri. Onesphory alimsifu sana huyo mtamba, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye maharage. Alipanga kufundisha siku tatu, ya nne apotee nayo.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni tatu, mabano, x toa nne, funga mabano, sawa na kumi na mbili. Akahangaika nayo mpaka akapata tano nukta tatu. Fausta akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama jibu si nane. Onesphory akatabasamu, akasema amekosea makusudi ili aone nani yuko macho. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri, akaitumia tena. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa amekosea makusudi mara kumi na moja.

Asubuhi ya siku ya nne Fausta alimkuta nje ya ukumbi, maharage yamekwisha kufungwa juu ya pikipiki. Akamwamkia, akauliza kama anasafiri. Onesphory akaeleza kwamba anayapeleka Katesh yakaguliwe wadudu. Fausta hakubisha. Alimgeukia mwenye pikipiki, ambaye kumbe ni mtoto wa shangazi yake, akamwambia ashushe magunia aende zake. Kisha akakaa juu ya gunia moja.

"Mwalimu, hesabu hujui. Tulijua tangu siku ya kwanza."

Onesphory akauliza kwa nini basi walinyamaza.

"Huu ni msimu wa mavuno. Nikimwambia baba nataka kukaa na wenzangu tusome, ananipa ng'ombe nichunge. Nikimwambia mwalimu anatusubiri, ananiamsha mwenyewe. Vitabu tunavyo, na mitihani ya miaka kumi tunayo. Tulikosa mtu mwenye tai."

Aliongeza kwa upole kwamba akiondoka, itabidi amweleze baba, na baba aliwahi kumfuata ndama aliyepotea kwa miguu mpaka Babati, mwendo wa siku mbili.

Basi Onesphory akabaki. Fausta ndiye aliyepanga kazi. Kila asubuhi walifanya maswali bila kufungua daftari, wakalinganisha majibu, na swali lililowashinda walilirudia baada ya siku mbili. Tena hakuna aliyeruhusiwa kusema ameelewa mpaka amweleze Mwalimu. Mwalimu akielewa yeye, basi hakika umeelewa.

Emanuel, mtoto wa mkulima, alikuja na yale mabano, akasema unazidisha tu. Onesphory akauliza kwa nini. Emanuel akarudi kukaa na daftari lake. Baada ya saa nzima akaja tena.

"Nyumba tatu, kila moja ina gunia, na kila gunia panya wamekula madebe manne. Hasara yote ni madebe mangapi?"

"Kumi na mbili," alisema Onesphory. Ilikuwa imemchukua miaka kumi na tano kuona kwa nini ile nne nayo inazidishwa. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Maharage yaliliwa kila mchana kwenye makande, na wanafunzi, na wadogo zao waliofuata harufu. Wiki ya nne Onesphory alikung'uta gunia la mwisho. Akajifariji kwamba mtamba haliwi kwa makande.

Mwezi wa nane moko ikatoka: kumi na tisa wamefaulu, Fausta ana B. Onesphory aliwahi kufika kwenye kikao cha wazazi, kamba mpya mfukoni. Mzee Gidamis alimleta mtamba mwekundu, ana doa jeupe usoni. Kabla kamba haijatoka, Fausta aliomba kusema neno. Akawaeleza wazazi kwamba Mwalimu ni mnyenyekevu, hawezi kulisema mwenyewe, ila ameamua mtamba huyu auzwe Gendabi, inunuliwe mikebe ya hesabu na vitabu kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu wanaofuata.

Akina mama walipiga vigelegele. Mzee Gidamis alimshika Onesphory mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlenga. Onesphory alitabasamu kama mtu anayeumwa jino, akathibitisha kwamba ni kweli.

Fausta alimsindikiza mpaka barabarani. Njiani Onesphory aliuliza kama dhamiri haimsumbui.

"Inanisumbua kidogo," alisema Fausta. "Ila Mwalimu, duara umelielewa?"

Akakiri kwamba eneo analiweza, lakini pembe bado zinampiga chenga.

"Basi zisome wiki hii. Kijiji cha Masakta wako wanafunzi thelathini na mwalimu hawana. Nimempigia Evaline wa kule, nimemwambia unafika Jumatatu."

Onesphory aliitazama barabara ya Babati, akaitazama ya Masakta. Kisha akalegeza tai na kuomba akumbushwe: pembe ya katikati ya duara ni mara ngapi ya ile ya ukingoni?

"Mara mbili," alisema Fausta. "Lakini usiwaambie. Waache wakueleze wao."