Mkufu Usiouzwa

Asali, ambaye mama yake mzazi alimpa jina jingine ila siku hizi polisi ndio pekee wanaolikumbuka, alikuwa anang'arishiwa viatu aliposikia sauti tamu kuliko muziki: bibi analalamika akitoka dukani kwa sonara.

"Bei gani hiyo? Namvisha mtoto shingoni au namjengea nyumba?"

Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, kamshika mkono mjukuu wake wa miaka saba hivi. Asali akatega sikio. Kumbe bibi wa upande wa baba alikuwa amemvisha mtoto bangili za dhahabu, na tangu hapo mtaa mzima haupumui kwa habari za bangili. Huyu naye alitaka kujibu mapigo. Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza anataka nini, na huo ndio utaratibu: vito vya wasichana wadogo huvaliwa na watoto, wakaringa watu wazima.

Asali akamlipa mng'arisha viatu kwa tabasamu pana, akavuka barabara.

Mtaji wake wote ulikuwa mikufu miwili ya kitoto, pacha kwa sura. Mmoja dhahabu tupu, mwingine shaba iliyopakwa rangi. Ule wa dhahabu ndio uliomlisha, ukamvika, ukamlipia chumba miaka yote hii. Bila huo alibaki na mdomo tu, na mwenye nyumba wake hapokei mdomo.

Kwa fundi palikuwa na wateja watatu, wanawake wanaosubiri nguo walizoahidiwa juzi. Asali akaingia ameinamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Suruali au shati?"

"Majonzi, mama."

Akafunua kitambaa cha hariri, mkufu ukametameta. "Huu ulikuwa wa marehemu dada yangu, alipokuwa binti mdogo. Aliniusia usiuzwe, avishwe msichana mwenye adabu. Nimezunguka mji mzima. Nilipomwona huyu mpwa wangu, moyo ukaniambia, ndiye."

"Kiasi gani?"

"Mama! Mali ya marehemu niitie bei? Siuzi. Nampa mtoto. Wewe utanipa kifuta machozi tu, chochote ambacho roho yako itakutuma."

Neno hilo msilidharau. Kifuta machozi hakina bei, kwa hiyo hakipunguzwi, na bibi mwenye mashahidi watatu hataki kuonekana mchoyo. Wengi walimlipa Asali zaidi kuliko ambavyo wangemlipa sonara, tena wakamshukuru.

"Kwanza kaupimishe kwa sonara," akasema, maana uaminifu ulikuwa sehemu ya kazi. "Nenda peke yako, usije ukadhani nimemhonga."

Bibi akaenda, Asali akabaki kulinda cherehani. Mpango ulikuwa ule ule wa siku zote: mkufu ukirudi umesifiwa, ataubusu, atalia kidogo, kisha atamkabidhi mtoto ule wa shaba, ambao tayari alikuwa nao mfukoni, umefungwa vizuri kwenye karatasi nyekundu.

Bibi alikawia. Aliporudi, uso uling'aa.

"Dhahabu kweli!"

"Lete niubusu mara ya mwisho, mama, niufunge kwenye karatasi."

"Karatasi ya nini, na shingo ipo?"

Kufumba na kufumbua mkufu ukawa shingoni mwa mtoto. Bibi akachukua sindano, akaizungushia ile kulabu ya mkufu uzi wa kushonea turubai, akapiga fundo, akaukata uzi kwa meno. "Hizi kulabu siziamini. Uzi wangu nauamini."

Wateja wakapiga vigelegele. "Mjomba kafanya jambo!"

Asali akajiambia: Basi angalau pesa. "Sasa mama, kile kifuta machozi..."

"Nisamehe, mwanangu, nilisahau!"

Akaokota kipande cheupe cha kitambaa chini ya meza, akakipitisha kwenye cherehani, akapinda pande zote nne, akamkabidhi. "Pamba safi. Hakikwaruzi."

"Mama, mimi nilimaanisha..."

"Ulimaanisha nini? Si ulisema huuzi?"

"Alisema," mteja mnene akadakia. "Sote tumesikia. Maskini, kachanganyikiwa na msiba. Mume wangu askari, yuko hapo kwenye kona. Nimwite akusindikize?"

"Hapana, dada, njia naijua."

Bibi akamsogelea kama anayempa pole, akamnong'oneza: "Sonara anakusalimu. Hakujui sura, lakini mkufu wako anaujua kuliko mke wake. Kaupima mara nyingi, kila mara umeletwa na mama mwingine, na kila mama hurudi kesho yake na shaba, analia. Ningekuwa wewe, hicho kitambaa ningewapelekea wao."

Asali akatoka. Alitembea mpaka ukutani pa duka lililofungwa, akaegemea, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii machozi yakamtoka bila kuyaita. Mkufu wa dhahabu umekwenda. Alichobaki nacho ni shaba, na shaba peke yake haitapeli mtu.

Akasikia ndara zinapiga lami. Yule binti alikuwa anamkimbilia, mkufu unarukaruka shingoni. Moyo wa Asali ukaruka nao. Bibi kamwonea huruma! Watu wema bado wapo!

"Mjomba," mtoto akasema, anahema, "bibi anauliza, hereni za kuendana na mkufu huu utaleta lini?"