Ombi la Kukamatwa kwa Mlio Ulio Ndani ya Gari Langu

Majengo, Meru
Aprili, 1955

Kwa Bwana Mkubwa wa Pasi na Vizuizi vya Barabara

Bwana Mkubwa,

Kwanza pokea salamu zangu, nikitumaini kwamba mvua hii haijavujia karatasi zako. Mimi ni Warsame Kullow, mchuuzi wa ngozi na samli hapa Majengo, mtu asiyejulikana kwa fujo yoyote. Nina vani moja ya kijani ninayobebea mizigo kati ya Kiirua, Meru na Embu. Niliinunua kuukuu kwa mkulima mmoja Mzungu wa upande wa Timau, ambaye alikuwa akibebea mbwa wake, na kwa ajili ya mbwa hao niliiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Saa yake ya maili imekwisha kuzunguka yote ikarudi kwenye sifuri, kwa hiyo ukiiamini saa hiyo gari ni jipya kabisa. Silalamiki juu ya gari. Nalalamika juu ya mlio ulio ndani yake, nao, kwa heshima zote, naamini ni mali ya Serikali.

Naomba ukamatwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Vani yangu naijua kama mtu anavyojua kukoroma kwa mwenzake. Mlango wa kushoto hulalamika, kiti cha dereva huguna, na ekzosi hukohoa kwenye kila kilima cha kwenda Chuka. Hizo ni sauti za nyumbani. Lakini mwezi wa pili askari wa kizuizi cha darajani, njia ya Embu, walinishika tangu adhuhuri hadi jua likakaribia kuzama, wakipekua ngozi mojamoja. Nilifika nyumbani kafyu ikinipumulia mgongoni. Kesho yake nilipotoka tu, nikausikia: ko-ko, kimya, ko-ko-ko, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Kabla ya upekuzi haukuwapo, baada ya upekuzi upo. Sasa walioingia garini mwangu siku hiyo ni nani, kama si askari?

2. Nililipeleka gari kwa fundi Kinyua, mwenye gereji nyuma ya soko la Gakoromone. Alisafisha plagi, akapima vali, akakaza mkanda wa feni, kisha akaweka bisibisi juu ya injini na sikio lake juu ya mpini wa bisibisi, kama daktari. Hakusikia kitu. Gari likisimama mlio huwa bubu, likitembea ndipo unapoanza maneno. "Mzee," Kinyua akaniambia, "hii injini iko sawa. Labda kelele iko ndani ya kichwa yako." Nikamzungusha sokoni, lakini pale njia ni laini na mlio ukagoma, nikamwambia basi twende wote Embu ausikie mwenyewe. Hapo tukakwama, kwa sababu Kinyua ni Mmeru na pasi yake inaishia kwenye mto wa chini ya mji. Alikwenda kuomba pasi ya siku moja. Karani akamwuliza sababu ya safari, na Kinyua, ambaye ni mtu mkweli kupita kiasi, akajibu: kusikiliza. Akanyimwa. Aliambiwa hakuna mtu anayefunga safari kwenda kusikiliza, isipokuwa mpelelezi. Basi, Bwana Mkubwa, mwenye masikio hana pasi, na mwenye pasi hana masikio.

3. Fundi alipozuiwa, mji mzima ukawa fundi. Burale mchinjaji anasema beringi imekwisha. Lakini ndivyo alivyosema pia juu ya goti langu. Shemeji yangu anasema ni jini la wale mbwa, na kwamba mara saba hazikutosha. Mama yangu, Dhahabo, nilipomwambia injini inabisha, alijibu kuwa yeye injini haijui, akanipa chai. Na Gacheri, anayeuza maharagwe sokoni, ambaye mumewe alichukuliwa kwenye kizuizi mwaka jana na mpaka leo hajulikani alipo, hakutaja ugonjwa wowote. Alisema tu, "Wacha ilie. Hiyo ni kelele mzuri." Nilidhani ananicheka, nikanuna siku nzima.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Koplo Munyi wa kizuizi cha darajani ni mtu wa Embu mwenye bidii kubwa. Yeye husikia kabisa gari likija na kitu kinagonga ndani. Akinyoosha mkono nisimame, mlio unanyamaza. Kwake huo ni ushahidi tosha, kwa sababu mtu aliyejificha ndivyo afanyavyo. "Wewe Warsame," ananiambia kila safari, "hapa ndani iko mtu. Iko napiga mbao." Ngozi zote zinashushwa topeni, askari wameshika pua. Wiki iliyopita aligonga ubavu wa gari kwa rungu lake, akabandika sikio, akangoja ajibiwe. Alipokosa jibu aliiamuru sakafu itoke nje, kwa Kiswahili, kwa Kiembu na kwa Kiingereza, na sakafu haikutii lugha hata moja. Basi amenipa mpaka Ijumaa: ama mlio utoke, ama pasi yangu ya barabara ichanwe mbele ya macho yangu. Hapa, Bwana Mkubwa, sitanii. Mke wangu Waris, watoto na mama yangu wote wanakula kutoka kwenye karatasi hiyo, na mimi sina kazi nyingine niijuayo. Naogopa.

5. Nimefikiri sana na nimeona njia. Ikiwa mlio huu ni mtumishi wa Serikali aliyesahauliwa garini siku ya upekuzi, basi ahamishiwe kituo kingine. Ikiwa si mtumishi, basi ni mhalifu wa hatari. Unavuka kutoka Meru hadi Embu bila pasi. Hauna kipande cha kujitambulisha. Haujawahi kutaja jina la baba yake wala la chifu wake. Unasema askari wakiwa mbali na kunyamaza wakikaribia, na huku kwetu watu wengi wamefungwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Naomba utume askari wawili wenye pingu nyembamba waje wauchukue. Ila gari lisichukuliwe pamoja nao. Mwizi akishikwa chini ya kitanda, kitanda hakipelekwi jela, ingawa nakiri kwamba siku hizi nimeona kijiji kizima kikilipia kosa la mtu mmoja.

Na kama jela zimejaa, kama tunavyosikia, basi lipo ombi dogo: utoe pasi kwa jina la mlio wenyewe, ili Koplo Munyi aisome, apige saluti, na ngozi zangu zibaki kavu.

Nikomee hapa wino usije ukanikimbia. Nisalimie Bibi, na mpishi, na dereva, na karani yule aliyemnyima Kinyua pasi, bila kinyongo, na farasi wako niliyemwona akipita sokoni, ana afya kutushinda sote. Koplo Munyi naye msalimie, lakini kwa sauti, maana sikio lake moja limechoka kwa kubandikwa garini.

Ni mimi mtiifu wako, nisiye na kelele yoyote ya kwangu binafsi,

Warsame Kullow

Tanbihi: Bwana Mkubwa, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha mama aliponitaka nimsomee barua, kwa kuwa aliniona nikiandika huku nimekunja uso. Nikaifungua, nikamsomea yote. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, kisha akaniagiza nikalale chini ya mkia wa gari nitazame juu. Nikalala chali topeni, jambo ambalo fundi hakulifanya, wala koplo, wala mimi, kwani sote macho yetu yalikuwa kwenye injini na mizigo. Pale panapotakiwa kukaa tairi la akiba, ambalo sijawahi kuwa nalo, imening'inia kengele ya mti, koor kwa lugha yetu, ile iliyokuja shingoni mwa ngamia aliyemleta mama kutoka Wajir alipokuwa bibi harusi. Gari likiruka shimo, kengele inapiga sakafu. Mimi nimezaliwa Majengo na ngamia namjua kwenye sufuria tu, ndiyo maana sauti ya kengele yake sikuitambua.

Mama aliifunga jioni ile niliyocheleweshwa darajani. Anasema ngamia wa nyumbani haendi malishoni bila kengele. Alitafuta shingo ya gari hakuiona, akafunga mkiani. Tangu siku hiyo nikikata tu kona ya msikitini anaisikia, anamwambia Waris abandike maji ya chai, na moyo wake unakaa mahali pake. Kumbe nilipolalamikia injini, alidhani kweli ni injini. Gacheri naye, kabla ya kafyu, huja kuketi naye mlangoni wasikilize pamoja. Nilimwuliza mama, Gacheri anasikiliza nini na hali mumewe hana gari. Akasema anasikiliza mtu akirudi, awe wa nani. Nililia, Bwana Mkubwa, huko huko chini ya gari, halafu nikacheka, maana tope lilikuwa limeniingia masikioni.

Kwa hiyo futa sababu zangu zote tano, na pingu uziache zilipo. Lile ombi dogo la mwisho ndilo ninalolipigia magoti, tafadhali kabla ya Ijumaa. Pasi iandikwe hivi. Jina: Koor binti Dhahabo. Kazi: kubisha hodi. Njia: Meru hadi Embu na kurudi, hasa kurudi. Sababu ya safari: kusikilizwa.