Dhahabu ya Osiri na Vita vya Beji Nane

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka 1996, meza nane zilikuwa zimepangwa kando ya kuta za ukumbi wa kanisa mjini Homa Bay, na juu ya kila meza palikuwa na rundo la beji za karatasi ngumu, kila moja na pini yake. Hayo yalionekana na wote. Enyi mliochoshwa na habari za majemadari waliovuka mito na kuteka miji, vuteni viti, funikeni chai isipoe, msikie jinsi Scovia Robi, fundi cherehani wa Migori, alivyowanyamazisha watu wanane waliofanya kazi bila malipo.

Waliokusanyika walikuwa mashabiki wa kipindi cha salamu redioni: watu wanunuao kadi dukani, wakazijaza majina ya jamaa na marafiki, kisha wakangoja jioni mtangazaji ayasome majina hayo hewani. Kila shabiki alikuwa na jina la vita. Scovia alijiita Dhahabu ya Osiri, kwa jina la machimbo ya kwao. Zilpah, mkaanga samaki mwenye sauti ya kufika ng'ambo, alikuwa Upepo wa Rusinga. Mwenyekiti wao, Barnabas Ochieng, karani mstaafu, alikuwa Mamba wa Ghuba, na kwa miaka mitano alikuwa ameushikilia mkutano wa mwaka usitoke Homa Bay. Watu wa Migori walihudhuria kama wageni. Waliketi nyuma, karibu na mlango wa choo.

Mwaka huo Scovia aliomba mkutano ujao uandaliwe kwao. Ili kuonyesha kwamba Migori wanaweza kuandaa jambo, alibuni Mkusanyo: kila moja ya klabu nane za mashabiki itengeneze beji yake na kuleta mtu wa kujitolea wa kuigawa, nao mashabiki wapite meza hadi meza wakikusanya. Barnabas alisimama jukwaani akatoa hukumu.

"Wenzangu! Migori ni ndugu zetu. Lakini mkutano si mbuzi wa soko la Ogwedhi, kwamba unamfunga kamba na kumkokota nyumbani. Tuone kwanza kama wanaweza kazi. Saa kumi kamili kwaya inachukua ukumbi. Kufikia hapo, mtu mmoja tu, hata mmoja, akiwa na beji zote nane kifuani, mkutano ni wao. La sivyo, Dhahabu, tutaendelea kukukaribisha. Kiti chako unakijua."

Watu wa Homa Bay walipiga makofi. Scovia alikubali, na mlango ukafunguliwa.

Kufikia saa sita, hakuna aliyekuwa na beji zaidi ya tatu. Wengine wamesema kwamba jeshi hili la wagawa beji lilikuwa vivu. Si kweli. Jeshi lilifanya kazi kupita kiasi. Kila mwenye meza, kabla ya kuiachia beji, alisimama, akaiinua juu kama mkuki uliotekwa kwa adui, akaanza: "Beji hii ikufikie ukiwa mzima wa afya, na salamu zimwendee mume wangu popote alipo, na ndugu zake, na mchungaji wetu, na mkunga aliyenizalisha watoto wote..." Salamu zilipokwisha, beji ilitolewa, na aliyefuata kwenye foleni akasomewa majina yaleyale tangu mwanzo. Wala hakuna aliyethubutu kuwakatiza, kwa maana miongoni mwa watu hawa mtoa salamu hakatizwi, hata nyumba ikiwaka moto.

Scovia aliikabili kwanza meza ya Rusinga.

"Mama," alimwambia Zilpah, "hapa hakuna redio. Majina haya hayatoki nje ya ukuta huu. Punguza kidogo."

"Nipunguze nani, nyathina, mwanangu? Rusinga ni kisiwa. Nikimruka mtu leo, kesho asubuhi yuko mlangoni kwangu anaomba chumvi, na amenuna. Nitakimbilia wapi? Majini?"

"Basi taja watano tu."

"Watano! Mashemeji peke yao ni saba. Unataka nipigane na ukoo mzima sababu ya karatasi na pini?"

Foleni ilicheka, kisha ikaendelea kusimama palepale. Scovia alirudi nyuma, akaishambulia meza ya Ogwedhi, ambako Maroa, mchuuzi wa ng'ombe aitwaye Fahali wa Mpakani, alikuwa amefika, katika salamu zake, kwa majirani wa shangazi yake.

"Kaka, ukiendelea hivi nitakutoa kwenye meza."

"Nitoe," alisema Maroa. "Silipwi. Ukinifukuza nitakushukuru, maana sijanywa chai."

Ndipo ikathibitika kanuni ambayo majemadari wa kale hawakuwahi kuijua kwa sababu waliwalisha askari wao: asiyelipwa hafukuziki, na katika jeshi la kujitolea kila askari ni jemadari.

Saa tisa na nusu wanakwaya walianza kuingia, mavazi yao yakining'inia mikononi. Barnabas alimsogelea Scovia akiwa na chupa ya soda.

"Pole, Dhahabu. Mwakani fika mapema. Utapata kiti cha mbele kidogo."

Scovia alitembea hadi jukwaani na kukichukua kipaza sauti. Alichokijua kilijulikana na kila mtu ukumbini, ila ni yeye peke yake aliyekitumia: hakuna shabiki wa salamu aliyewahi kufungua mdomo salamu zake zikisomwa. Huwafukuza watoto, hutoa sufuria motoni, huzuia pumzi.

"Hamjambo wasikilizaji," alisema, kwa sauti nzito ya mtangazaji. "Salamu zinatoka kwa Fahali wa Mpakani, Ogwedhi. Zimfikie mkewe nyumbani, zimfikie shangazi yake, na majirani wa shangazi upande wa kisima na upande wa barabara..."

Maroa alinyamaza katikati ya jina. Kinywa chake kilibaki wazi, lakini mikono yake, iliyokosa kazi nyingine, ilianza kugawa beji. Scovia alikuwa amesikia majina ya meza zote tangu asubuhi, na sasa aliyamwaga kutoka kichwani, klabu baada ya klabu: wavuvi na wake zao, wachungaji, wakunga, walimu, walipa madeni na wasiolipa. Meza moja baada ya nyingine ilizimika. Foleni ilisonga kama mto uliozibuliwa. Mbele ya wote alitokea Linet, msusi wa Migori, beji saba kifuani, akasimama mbele ya Zilpah.

Scovia alisoma salamu za Rusinga hadi shemeji wa saba. Zilpah alinyoosha mkono wenye beji. Hapo Barnabas akapaza sauti.

"Mama Zilpah! Hujasikia? Mke mwenzako ameachwa! Huyu wa Migori amemruka!"

Zilpah aliirudisha beji kifuani kwake.

"Mwenyekiti," alisema Scovia katika kipaza sauti, "mtangazaji husoma kilichotumwa. Salamu hizi nimezisikia leo mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Mama, ulimtaja wapi?"

Zilpah alimtazama Barnabas, kisha Scovia, kisha beji.

"Sikumtaja," alisema. "Wala sikumsahau. Nilimruka mimi mwenyewe, na yeye anajua kwa nini."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya. Saa kumi kasoro dakika nne, kwa saa ya ukutani ambayo mwalimu wa kwaya alihakikisha kwamba haikuwa imesimama, pini ya Rusinga ilipenya blauzi ya Linet. Miji imetekwa kwa shangwe ndogo kuliko ile. Viti viwili vilivunjika, na Maroa alibebwa juu juu bila mtu kueleza sababu.

Barnabas alipanda jukwaani, akapokea kipaza sauti.

"Mwaka ujao, Migori," alisema, akashuka bila kumtumia salamu mtu yeyote.