Marehemu Emilio, Mfanyakazi Hewa

Jumatatu, 2 Machi 2009
Semina ya kupambana na ufisadi, hoteli ya makontena kando ya Nile. Sambusa nzuri. Mwezeshaji kutoka Nairobi anatufundisha majina ya wizi wa fedha, kana kwamba wizi ulikuwa unasubiri ubatizo. Upatu wa piramidi. Risiti za kughushi. Posho hewa, yaani kulipwa safari ambayo hukusafiri. Hapo nilimtazama Aleer, mhasibu wetu, ambaye husafiri Malakal kila mwezi bila kutoka Juba. Nilicheka kwa sauti.

Kisha akataja mfanyakazi hewa. Aleer akanitazama mimi. Nilikasirika. Hewa! Emilio Nyang ni mlinzi wa ghala letu la bandarini. Ni kweli nilimbuni mwenyewe, nikiwa karani wa mishahara. Ni kweli nimewaambia wote ni ndugu yangu wa tumbo moja, ili nimpokelee mshahara. Lakini hajawahi kuchelewa wala kulewa kazini. Wangapi wenye miili wanaweza kusema hivyo? Mimi mpango wangu nauita Msaada wa Ndoa. Jumamosi mchumba wangu Scovia anakuja kwangu Lemon Gaba na baba yake kuona nyumba. Mbuzi yuko tayari.

Jumatano, 4 Machi
Balaa! Mkurugenzi ametangaza kuhesabu vichwa. Ijumaa kila mfanyakazi asimame uani, aonekane. Emilio ana kasoro moja tu: haonekani.

Nikamwomba binamu yangu Nhial asimame badala yake. Akataka nusu ya mshahara. Nusu, kwa kusimama! Watu wana tamaa siku hizi. Basi, saa kumi jioni, Emilio amefariki. Malaria. Hakuteseka. Nimelia ofisini kwa mkurugenzi, tena machozi ya kweli, maana niliufikiria ule mshahara. Akanishika bega akasema malesh, malesh, yaani pole. Kesi imefungwa.

Alhamisi, 5 Machi
Nilisahau kitu kimoja. Juba mtu hafi peke yake.

Mkurugenzi alitoa lori. Ofisi nzima imeshuka kwangu na mikeka, turubai na sukari kiduchu. Nimekaa Nairobi miaka mingi, nilidhani wangetuma kadi. Mbuzi wa Scovia ameliwa kabla ya saa sita.

Wakaanza kumsifu marehemu. Mzee Severino, dereva, alisema Emilio aliwahi kumwazima tochi. Mwingine akakumbuka kicheko chake. Hata mimi nilianza kumkosa. Walipouliza kaburi nikasema mwili umeondoka alfajiri kwa boti la mizigo kwenda kwetu. Aleer akasema kwa upole kwamba hakuna boti lililoondoka tangu Jumapili. Nikalia zaidi. Anayelia haulizwi maswali.

Ijumaa, 6 Machi
Vichwa vimehesabiwa. Emilio amefutwa kwa heshima, tukasimama kimya dakika moja. Nilikuwa salama kabisa mpaka saa nane mchana.

Saa nane pikapu ya Aleer ilisimama nje kwangu. Akashuka mwanamke anayeitwa Teresina na watoto watatu, akijitupa chini na kupiga mayowe. Baba watoto! Emilio wangu! Kaniachia nani? Wanawake wakamshika. Mmoja akasema yule mdogo ana pua ya baba yake kabisa.

Mwongo! Najua ni mwongo. Yeye anajua. Aleer anajua, na anatafuna njugu. Lakini ningesema nini? Kwamba hakuna mjane kwa sababu hakukuwa na mume? Mkurugenzi akampa mkiwa rambirambi, mishahara mitatu ya Emilio. Shahidi wa malipo: mimi, ndugu wa marehemu. Mwezeshaji aite atakavyo. Mimi huu nauita wizi, basi.

Jumamosi, 7 Machi
Wazee wameketi tangu asubuhi. Mzee Severino akasema mila iko wazi, nyumba ya ndugu aliyekufa haiachwi ianguke, aliyebaki humrithi mjane na watoto. Nikasema undugu wetu ulikuwa wa mbali kidogo. Akanikumbusha tumbo moja. Ofisi nzima ikaitikia, tumbo moja.

Scovia alifika na baba yake wakati Teresina anasonga ugali kwenye jiko langu. Yule mwenye pua aliniita baba.

“Manyang,” Scovia akasema polepole, “wewe iko na bibi na watoto tatu, halafu unakuja kwetu kutafuta mke?”

Ningeweza kumwambia ukweli. Baba yake ni polisi. Nikawatazama wakipanda boda. Nampenda Scovia. Nimeumia kuliko siku aliyokufa Emilio.

Jumatatu, 9 Machi
Teresina bado yupo. Watoto wanakula kama nzige. Leo Aleer ameniita shemeji. Kumbe Teresina ni dada wa mke wake! Mume alimkimbia zamani, na wote wanne walikuwa wakila kwa Aleer mwaka mzima. Sasa nyumba yake ina nafasi, na yangu imejaa.

Nikarudi kwenye hoteli ya semina kumuuliza mwezeshaji wizi wa namna hiyo unaitwaje. Akasema haumo kwenye orodha yake. Bure kabisa, mtu analipwa dola kwa kazi hiyo.

Lakini nimefikiri sana. Midomo mitano inahitaji mshahara wa pili, na nafasi ya mlinzi wa bandarini iko wazi. Kosa langu nimelijua: Emilio alikuwa mtu wa familia. Safari hii nimekuwa makini. Leo mchana nimemwajiri Albino. Hana mke, hana mtoto, wazazi hana, hajulikani kwao ni wapi. Akifa, nani atakuja kulia?

Swali lilibaki moja tu, nani atampokelea mshahara. Nikamwambia mkurugenzi asiwe na wasiwasi. Albino ni ndugu yangu, tumbo moja.