Kikapu cha Purimu Nilichokirudisha

Leo nimejiaibisha mbele ya simba, malaika na kuku. Tulieni niwaeleze.

Mnajua mimi ni mlinzi kwenye jengo moja la maghorofa hapa Dubai. Ghorofa ya tisa anaishi madam Rivka, Myahudi, mpole ajabu. Jana alituambia kalenda yao hufuata mwezi, na leo ni sikukuu yao ya Purimu: watu hujivika mavazi ya kuchekesha, na kila mtu lazima awape maskini kitu. Nikasema vizuri, Mungu awabariki.

Basi leo mchana nimetoka kukagua maegesho, narudi nakuta kikapu mezani pangu. Biskuti za pembe tatu, zabibu, chupa ya juisi, na kadi yenye jina langu: Beatrice.

Mwenzangu Salim, wa Mombasa, akakiangalia. "Dada Beatrice, si jana alisema wanawapa maskini?"

Weh! Damu ikanichemka. Mimi, maskini? Mimi niliyemjengea mama nyumba ya matofali Kakamega? (Haijaezekwa, lakini hiyo ni habari nyingine.)

"Khalas," nikasema. "Kinarudi."

Nikapanda lifti hadi tisa, nikabonyeza kengele kwa hasira. Aliyefungua ni simba. Nyuma yake sebule imejaa wageni, wananikodolea macho. Madam mwenyewe amevaa kama kuku, mabawa na mdomo kabisa.

Nikanyoosha mgongo. "Madam, asante, lakini mimi si maskini. Nina kazi. Mpe mwenye shida."

Kuku akanishika mkono. "Beatrice, vya maskini tulipeleka asubuhi. Siku ya leo tunawapelekea marafiki chakula pia. Hicho ni cha rafiki."

Sakafu haikupasuka inimeze. (Niliisubiri.) Malaika mmoja alicheka hadi bawa likadondoka.

"Sasa unakitaka ama hukitaki?" madam akauliza.

"Nakitaka!" Na kichwa sikuinamisha. Nikamkumbatia kuku wa watu, manyoya yakanasa kwenye sare yangu, nikatembea hadi kwenye lifti kama balozi.

Lifti ikakataa kuja. Dakika nzima nimesimama pale na kikapu changu, nimewapa mgongo, mlango wao wazi, nasikia simba akijikaza asicheke.

Nilipofika chini Salim akaniomba biskuti moja. Nikamwambia hizi ni za marafiki. Na nyinyi mnaocheka hapo, msijaribu hata kuomba.